Kibandiko chenye ngao ndani ya vitabu vya babu: kinadai nini, na je, ukoo wetu uwe na chake?

Mjukuu wa Karani, Mtwara

Wanajukwaa, salaam. Naomba msaada wa wanaojua mambo ya vitabu vya kale na wanaojua mambo ya koo, kwa sababu katika nyumba yetu mambo hayo mawili yamegongana.

Babu yangu mzaa mama alikuwa karani kule Nachingwea wakati wa mpango wa karanga, ule ulioanza mwaka 1947 ukavunjwa mwaka 1951 baada ya kuila serikali ya Uingereza pauni zipatazo milioni 36. Wazungu walipofungasha, mkuu wake wa kazi alimwachia kasha la vitabu, naye akalitunza maisha yake yote chini ya kitanda, kwanza Nachingwea na baadaye hapa Chikongola. Tulilifungua baada ya arobaini yake. Mlikuwa na vitabu 41, vingine vimeliwa na mchwa hata ukivishika vinakuachia unga mkononi, lakini vingi ni vizima.

Katika sita kati ya hivyo, upande wa ndani wa jalada la mbele, imebandikwa karatasi moja ile ile, ukubwa wa kiganja cha mtoto, iliyochapwa kwa wino mweusi mtupu. Katikati pana ngao iliyogawanywa mara mbili kwa mstari wa wima. Nusu iliyo kushoto kwangu nikitazama imejaa mistari myembamba ya kusimama, na juu ya mistari hiyo pana makombe matatu ya pwani. Nusu ya kulia imejaa vitone kama mchanga, na ndege mmoja. Juu ya ngao pana kofia ya chuma iliyofungwa uso, inatazama kushoto, na juu ya kofia pana mkono ulioshika ufunguo. Kuzunguka kofia yote kuna majani yaliyochanikachanika kama mgomba uliopigwa na kusi. Chini kuna utepe wenye maneno "Dum spiro spero", kisha jina la mwenyewe. Nikipitisha kidole nasikia wino umeinuka.

Sasa mjomba wangu mkubwa, ambaye ndiye msemaji wetu katika mambo ya ukoo, ameupenda mchoro huo kupita kiasi. Tumekubaliana kuvitoa vitabu hivi kwa maktaba ya shule moja ya sekondari, naye anataka kabla havijaondoka kila kimoja kibandikwe nembo ya ukoo wetu, na pale penye kibandiko cha Mzungu, chetu kikae juu yake. Tayari kijana wa steshenari amechora: ngao yenye korosho na jahazi, inayoshikwa na simba wawili waliovaa taji, ambao nina hakika amewatoa mtandaoni. Watoto wa dada yake babu wamesikia, nao wanauliza: nembo ya ukoo upi? Kwetu Wamakonde, kama mjuavyo, ukoo hufuata upande wa mama, na kwa hesabu hiyo babu alikuwa wa ukoo wao, wala si wetu.

Naomba mnieleze picha ile inadai nini hasa, kwa nini mtu apeleke ngao na kofia ya vita ndani ya kitabu, na sisi tukifanya hivyo tutakuwa tumesema jambo gani.

Fundi wa Majalada, Ndanda

Ndugu Mjukuu, pole kwa msiba. Mimi nimefunga na kukarabati vitabu kwa miaka mingi, na vibandiko vya namna hiyo nimeviona mara kadhaa katika vitabu vilivyoachwa na wamisionari na maofisa. Wenyewe huviita kwa Kilatini ex libris, maana yake "kutoka katika vitabu vya", halafu hufuata jina la mtu.

Wino ulioinuka unaonyesha kwamba mchoro ulichongwa kwenye bamba la shaba au la chuma. Wino huingia katika michoro iliyochimbwa, kisha karatasi iliyoloweshwa kidogo hukandamizwa juu yake kwa nguvu hadi iunyonye. Tazama kwa kuinamisha kitabu mbele ya dirisha: ukiona bonde hafifu la mstatili kuzunguka picha, hiyo ndiyo alama ya ukingo wa bamba. Kazi hiyo haikuwa rahisi kwa bei, na bamba lilibaki mali ya mwenyewe, ili aagize nakala nyingine kila vitabu vyake vilipoongezeka.

Mistari na vitone si urembo. Ni rangi. Kwa kuwa uchapaji ulikuwa wa wino mweusi peke yake, wachongaji walihitaji njia ya kuitaja rangi bila kuipaka, na utaratibu uliokuja kukubalika Ulaya ni ule uliosambazwa na Mjesuiti Silvester Petra Sancta mwaka 1638: mistari ya wima ni nyekundu, ya mlalo ni buluu, vitone ni dhahabu, patupu ni fedha, na mistari inayokatizana wima kwa mlalo ni nyeusi. Kwa hiyo nusu yenye makombe ni nyekundu, na nusu yenye ndege ni ya dhahabu. Ngao nayo husomwa kwa upande wa aliyeibeba, si wa anayeitazama. Kushoto kwako ndiko kulia kwake, na huko ndiko kwenye heshima. Ngao ikigawanywa hivyo, mara nyingi nusu ya kulia kwa mbebaji ni ya ukoo wa mume, na nusu ya pili ni ya ukoo wa mke. Kama mke hana ndugu wa kiume, taratibu hubadilika: ngao yake ndogo huwekwa katikati ya ngao ya mumewe, na watoto huirithi pamoja na ya baba.

Kofia nayo ina daraja zake. Kwa desturi ya Uingereza, kofia ya dhahabu yenye nondo usoni na inayotazama mbele ni ya mfalme. Ya fedha yenye nondo za dhahabu, inayotazama pembeni, ni ya malodi. Iliyofunguliwa uso na kutazama mbele ni ya mwenye cheo cha "Sir". Na ile iliyofungwa uso ikitazama pembeni, kama yako, ni ya muungwana wa kawaida asiye na cheo. Hayo uliyoyaona kama majani ni kitambaa, kile kilichofunika kofia ya askari wa farasi isipate joto la jua, kikachorwa kimechanika kana kwamba kimetoka vitani. Maneno ya kwenye utepe maana yake ni "maadamu napumua, natumaini", nayo hutumiwa na koo nyingi. Kwa mtu aliyetumwa kulima karanga Nachingwea, nadhani yalimfaa kuliko alivyopenda.

Ukikisoma kwa mpangilio huo, kibandiko kinakwambia hivi: mimi ni muungwana, si lodi, baba zangu wana ngao, na nimeoa katika nyumba ambayo nayo ina ngao yake. Hayo yote yamesemwa kabla hujafika kwenye jina.

La kiufundi: mwambie mjomba asibandike kitu juu yake, na wala msikibandue kwa mvuke wa birika, maana karatasi ya jalada itachubuka nacho. Chenu kikae ukurasa unaokielekea. Tumieni uji mwepesi wa ngano uliochujwa, kiasi kidogo sana, kisha kitabu kikandamizwe usiku kucha. Selotepu ni sumu. Baada ya miaka michache huacha doa la kahawia lisilotoka. Na kwa hewa yetu ya chumvi, gundi nyingi ni karamu ya mende.

Kijana wa Newala

Samahani wakubwa, naomba kuuliza kidogo. Kuna tovuti ambazo ukiandika jina lako la ukoo zinakuletea ngao yake na historia yake kwa malipo. Je, Mjukuu hawezi kuitafuta ya mwenye vitabu huko, na hata yetu sisi?

Mwalimu wa Historia (mstaafu), Lindi

Kijana wangu wa Newala, okoa fedha zako. Katika utaratibu wa Kiingereza hakuna ngao ya jina. Ngao hupewa mtu mmoja, nao wazao wake halali kwa upande wa baba ndio wanaoirithi. Watu elfu moja wanaweza kuitwa jina lile lile na asiwepo hata mmoja mwenye haki nayo. Wanaouza ngao za majina wanauza picha. Lakini swali lako limegusa penyewe, maana linatupeleka kwenye jambo ambalo Fundi, kwa adabu yake, ameliacha: nguvu ya nembo hizi haikuwa katika mchoro. Ilikuwa kwa yule aliyekuwa na uwezo wa kumwambia mwingine, "Wewe huna."

Mwaka 1484 Mfalme Richard wa Tatu aliwapa watunza nembo wa Uingereza hati ya kuwa chombo rasmi, na chombo hicho kingali London hadi leo. Kuanzia mwaka 1530 hadi mwaka 1688, maofisa wake walitumwa mikoani mara kwa mara kukagua: mwenye ngao aliitwa aonyeshe ushahidi wa nasaba yake, na aliyeshindwa alitangazwa hadharani kwamba si muungwana. Hebu fikiri jambo hilo likitendeka hapa Lindi sokoni, mbele ya majirani na wakwe. Baadaye serikali ikaona pana fedha. Kuanzia mwaka 1798 mtu aliyetumia nembo alilipa kodi ya mwaka, na aliyekuwa na gari la farasi alitozwa zaidi, na kodi hiyo ilidumu hadi miaka ya 1940. Kuna watu walioilipa kwa furaha kabisa, kwa sababu risiti nayo ilikuwa cheti cha uungwana.

Sasa, kwa nini ndani ya kitabu? Mwenye nyumba kubwa aliiweka ngao yake kwenye lango, kwenye mlango wa gari, kwenye vijiko vya fedha, kwenye vifungo vya makoti ya watumishi, na mwishowe kwenye kaburi kanisani. Kibandiko cha kitabu ni mdogo wao wa mwisho, lakini kina ujanja ambao kaka zake hawana. Kaburi hukaa mahali pamoja, ila kitabu huazimwa. Mgeni aliyeazima kitabu aliondoka na ngao ya mwenyeji wake chini ya kwapa, na kila alipofungua jalada alikumbushwa yeye ni nani na mwenyeji ni nani. Vilevile maktaba yenyewe ilikuwa dai: ina maana nyumba hii ina fedha za kununua vitabu, ina chumba cha kuviweka, na ina mtu asiyelima mchana ili apate kuvisoma. Ndiyo maana katika karne ya 18 wafanyabiashara waliotajirika, na wenye mashamba ya miwa ya Karibi waliotajirika kwa jasho la watumwa, walivikimbilia vibandiko vya namna hii, na wachongaji wengi hawakumwuliza mteja hati. Mteja akisema ana simba, alichorewa simba. Mwambie mjomba kwamba kijana wake wa steshenari ana watangulizi wengi.

Wenye madaraka walijua vizuri uzito wa vipande hivyo vya karatasi. Ufaransa ilipofuta vyeo vya kikabaila mwezi Juni 1790, ilifuta na nembo za koo katika amri hiyo hiyo. Upande wa pili, George Washington, ambaye miaka michache baadaye angemwasi mfalme wa Uingereza, aliagiza kibandiko chake kichongwe London mwanzoni mwa miaka ya 1770, chenye ngao ya mababu zake wa Kiingereza: mikanda miwili myekundu na nyota tatu juu yake, na maneno ya Kilatini yanayosema kwamba mwisho ndio unaothibitisha matendo. Vita vilipokwisha na mfalme ameshindwa, Washington hakuitupa ngao ile, na bendera ya jiji la Washington iliyopitishwa mwaka 1938 imetokana nayo.

Neno alilolitumia Fundi, muungwana, limenifurahisha, maana sisi wa pwani tunalijua kwa maana iliyo kali zaidi. Hapa Lindi, Mikindani na Kilwa, muungwana alikuwa kinyume cha mtumwa, na hali ya utumwa haikufutwa kisheria Tanganyika hadi mwaka 1922. Uungwana wetu haukuwa na ofisi ya kuutolea hati, bali ulionekana kwenye kilemba, kwenye viatu, kwenye mlango wa nakshi na kwenye nasaba aliyoitaja mtu akiulizwa yeye ni nani. Tena neno nembo lenyewe, ambalo leo tunalitumia kwa alama ya taifa na ya kila kampuni ya simu, kamusi za zamani zinalieleza kuwa ni chale za kabila, na ndugu zetu Wamakonde wanaziita dinembo hadi leo. Kwa hiyo, Ndugu Mjukuu, ukoo wako ulikuwa na nembo zamani, kabla mkuu wa babu yako hajapanda meli.

Binti wa Nanyamba

Shikamoo Mwalimu. Kwa heshima zote, hapo mwisho sikubaliani nawe, na naomba nieleze kwa nini, maana bibi yangu alikuwa na dinembo usoni na kifuani, na mimi nimekua nikizishika kwa vidole.

Chale za Wamakonde, kwa pande zote mbili za Ruvuma, zilichanjwa na fundi kwa kijembe kisha zikapakwa masizi ya mbarika, na zilichanjwa zaidi ya mara moja ili zikolee. Ziliuma, na uvumilivu ule ulikuwa sehemu ya maana yake. Zilisema huyu ni Mmakonde, huyu amekua, huyu amestahimili. Hazikurithiwa, kwa sababu ngozi hairithiwi. Bibi alipozikwa alizikwa nazo. Hazikuwekwa kwenye mali ili kusema "hiki ni changu", na hakuna mtu aliyeziagiza kwa mchongaji wa mji mwingine akaletewa kwa meli. Ngao ya yule Mzungu inafanya kinyume kabisa: mwenyewe hakuumia hata kidogo, aliipata kwa kuzaliwa, nayo inakaa kwenye vitu vyake. Ikiwa mjomba anataka kuweka dinembo kwenye kibandiko kwa sababu Mwalimu amesema zinalingana, namsihi asifanye hivyo. Zitakuwa pambo tu.

La pili ni hili la ukoo upi. Fundi ametueleza kwamba katika ngao ile mke anapewa nusu, lakini nusu hiyo ni ya baba yake, na ngao inatembea kwa wanaume. Kwa mila yetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye kauli ni mjomba. Ukichukua chombo kilichotengenezwa kupitisha jina kutoka kwa baba hadi kwa mwana ukakibandika juu ya ukoo unaopita kwa mama, lazima kipasuke mahali, na kwenu kimeshapasuka: watoto wa dada yake babu wana haki kusema babu alikuwa wao, na mjomba wako ana haki kusema alikuwa baba yake. Ngao ile haina nafasi ya kuandika mambo yote mawili.

Mwalimu wa Historia (mstaafu), Lindi

Marahaba, binti yangu. Nimekubali. Nililinganisha neno nikadhani nimelinganisha kitu.

Mwana Kivinje, Kilwa

Ndugu zangu, mmezungumza kana kwamba kabla ya wakoloni hapakuwa na mtu aliyeandika chochote ndani ya kitabu katika pwani hii. Nyumbani kwetu tuna msahafu wa mkono, ulioachwa na wazee, na ukurasa wake wa kwanza una maandishi ya Kiarabu yanayosema kwamba ni wakfu kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, hauuzwi, haupeanwi wala haurithiwi. Maneno hayo yana asili katika Hadithi ya Sayyidna Umar na shamba lake la Khaybar, na waislamu wa nchi nyingi wameyaandika vitabuni. Katika wetu neno "wakfu" limerudiwa tena na tena, juu kabisa ya kurasa, kwa mwandiko mdogo, ili mwizi akichana ukurasa wa kwanza asiwe amechana ushahidi wote. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikiyahesabu badala ya kusoma, nikapigwa.

Angalieni tofauti iliyopo. Kibandiko cha ngao kinasema: kitabu hiki ni cha nyumba yetu, na nyumba yetu ni kubwa. Wakfu unasema: kitabu hiki kilikuwa chetu, tangu leo si chetu, na hata wajukuu wetu wasikiguse kama urithi. Sitaki kuwadanganya kwamba humo hamna fahari. Mwenye kuweka wakfu aliandika jina lake, la baba yake, la babu yake, na nasaba mwishoni, na yeyote aliyefungua msahafu msikitini alisoma majina hayo kwanza. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alimkuta Sultani Hasan bin Suleiman, ambaye watu walimwita Abul-Mawahib, baba wa vipawa, kwa wingi wa kutoa kwake. Kwa hiyo kutoa nako ni ukubwa, na pwani hii inajua hivyo tangu zamani.

Fundi wa Majalada, Ndanda

Mwana Kivinje, umenikumbusha jambo ambalo ningepaswa kulisema mwanzo. Baadhi ya vibandiko vya kale kabisa vya Ulaya vinavyojulikana ni vya kutoa, si vya kumiliki. Yupo Hildebrand Brandenburg wa Biberach, Ujerumani, ambaye karibu mwaka 1480 vitabu alivyovitoa kwa monasteri ya Buxheim vilibandikwa picha ya malaika aliyeshika ngao yenye ng'ombe dume, iliyopakwa rangi kwa mkono. Yupo Sir Nicholas Bacon, ambaye mwaka 1574 aliwapa Chuo Kikuu cha Cambridge vitabu vipatavyo 70, na kila kimoja kikawekwa ngao yake pamoja na maneno kwamba ni zawadi. Yupo pia Willibald Pirckheimer wa Nuremberg, aliyechorewa kibandiko na rafiki yake Albrecht Dürer mwanzoni mwa miaka ya 1500. Ngao zimejaa, malaika wadogo wamejaa, lakini kumeandikwa Kilatini "Sibi et amicis", yaani kwa ajili yake na rafiki zake. Ngao zilikuwepo, tena kubwa, ila kitabu kilikuwa kimeshaanza kuondoka mkononi.

Huku kwetu, wanaotumia nembo za namna hiyo zikiwa hai ni maaskofu na maabate wa Kikatoliki. Ukiona juu ya ngao kofia pana ya kijani yenye vishada sita vinavyoning'inia kila upande, hiyo ni ya askofu. Kofia ya vita imeondolewa, kwa kuwa padri hapigani. Na ngao hiyo inaishia kwake, kwa kuwa hana mtoto wa kumwachia.

Mjukuu wa Karani, Mtwara

Wakubwa zangu, nawashukuru wote, na samahani kwa kukawia. Umeme ulikatika siku mbili.

Jana nilivitoa tena vile vitabu sita, nikaviinamisha dirishani kama Fundi alivyoniagiza. Bonde la bamba lipo. Lakini katika kimoja, ambacho ni kitabu cha hesabu za biashara, mwanga ulipopita nikaona kitu ambacho hatukukiona usiku ule wa kwanza kwa taa ya simu. Chini kabisa ya kibandiko, nje ya ukingo wake, kuna maandishi ya penseli yaliyofifia, kwa ule mwandiko wa babu uliolalia kulia: jina lake, kisha "Karani, Nachingwea, 1951". Hakuandika ukoo. Hakuandika juu ya jina la yule Mzungu, wala hakulifuta; aliandika chini yake, kama mtu anayetia sahihi ya kupokea mzigo.

Nilimpelekea bibi kitabu. Macho yake hayaoni vizuri, nikamsomea, akacheka akasema babu aliweka alama hiyo kwa sababu kuna mtu aliwahi kumwita mwizi wa vitabu, naye alitaka ijulikane amepewa. Aliongeza kwamba bwana yule hakuwahi kumwonyesha mtu picha ile, maana katika kambi nzima hapakuwa na aliyeijua isipokuwa wenzake watatu wa baraza la jioni, na wao walikuwa na za kwao.

Mjomba alikaa kimya kwa muda mrefu. Mwishowe amekubali simba watoke, na taji litoke, na ngao itoke. Tutachapa karatasi nyembamba yenye mstari wa babu kama alivyouandika, na chini yake jina la shule inayopokea, na itakaa ukurasa unaoelekea kibandiko cha Mzungu. Watoto wa dada yake babu wametaka iongezwe sentensi kwamba havitauzwa, na hilo halikupingwa na mtu. Walitaka pia kuongeza jina la ukoo wao. Bibi akawauliza kama karani alipolipwa mshahara, ulikwenda kwa ukoo au kwa karani.

Fundi, nina swali moja la mwisho: ile penseli inafifia, na nimeambiwa niipitishie kalamu ya wino ili isipotee. Niipitishie, au niiache?

Fundi wa Majalada, Ndanda

Iache. Weka kitabu mahali pakavu, na ukipige picha leo kabla jua halijazama.